Shangazi, binti yangu hataki kurudi kituoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 13. Anamfuata binti wa miaka 9, kisha kitinda mimba wa miaka 5. Mume wangu ni fundi magari, ana gereji yake ndogo huku huku Kimara, na mimi nafanya kazi ofisini mjini. Hatujatajirika, lakini tunakula, ada tunalipa kwa awamu na Mungu anatusitiri.

Mwaka huu niliamua wanangu wajifunze kujitolea. Niliona wanakulia ndani ya geti kama kuku wa kisasa. Wakitoka shule ni homuweki, katuni, simu, kulala. Siku moja nilimtuma mkubwa apeleke sahani ya pilau kwa mzee wa nyumba ya tatu, akaniuliza, "Mzee gani?" Na amezaliwa mtaa huu huu! Mimi nimekulia Korogwe, nilikuwa nawajua watu wa njia nzima mpaka mbuzi wao.

Kazini tuna kikundi chetu cha akina mama kumi. Wiki mbili kabla ya Pasaka tulichanga, tukanunua mchele, mafuta, sabuni na madaftari, tukachapisha fulana za rangi moja, tukaenda kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto yatima, kila mtu na wanawe. Tulipofika tukakuta watoto wa kituo wamepangwa mistari uani, wanatuimbia wimbo wa kukaribisha wageni. Tukasimama kivulini tunarekodi.

Wakati wa kukabidhi, mpiga picha akasema itapendeza watoto wetu wakiwapa madaftari watoto wenzao, mmoja mmoja. Binti yangu akashikishwa daftari, akasukumwa mbele. Shangazi, aliyesimama mbele yake ni mtoto anayesoma naye darasa la tatu. Shuleni alikuwa anasema anaishi kwa mama yake mkubwa, hakuna mwanafunzi aliyejua kwamba anaishi kituoni. Yule mtoto akainama, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa, akasema, "Asante dada." Kwa mtoto mwenzake! Picha ikapigwa.

Njia nzima binti yangu hakufungua mdomo. Usiku akaja kitandani kwangu: "Mama, Jumatatu nitamwambia nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ananiambia mwenzake anapita mbali naye na wakati wa chai anakaa peke yake. Picha ziliwekwa kwenye grupu letu la WhatsApp na baadhi yetu tukaziweka stetasi, mimi mmojawapo. Sasa kikundi kinapanga kwenda tena na binti amekataa katakata.

Nimejaribu njia nyingine. Nilipiga simu hospitali moja kuuliza kama tunaweza kwenda kusaidia wodini, nikaambiwa watoto hawaruhusiwi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukatoka na mafagio kufanya usafi. Tulifagia mbele ya geti letu dakika 20, majirani wenyewe hawakutoka, tukarudi ndani. Mkubwa akaniuliza, "Sasa hapo tumemsaidia nani?" Mume wangu ndiyo kabisa. Anasema kujitolea ni mambo ya wazungu walioko likizo, watoto wasome, wakishiba wao ndipo watawalisha wengine.

Naomba unielekeze. Familia kama yetu, yenye mtoto wa miaka 5 na baba asiyetaka, inaanzia wapi? Na binti yangu amwambie nini mwenzake?

Nakuandikia nikiwa barazani usiku, watoto wamelala, mvua imekatika sasa hivi. Mbu wananimaliza, na ndoo za rangi alizoziacha fundi pembeni ya ukuta zimejaa mpaka juu.

Mama wa Watatu, Kimara

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza mambo mawili, na nitaanza na la pili. Familia yenu kupata kazi ya kujitolea kunaweza kusubiri hata mwezi. Yule mtoto aliyepiga goti hawezi kusubiri.

Kwanza picha. Leo leo andika kwenye grupu lenu: "Jamani, naomba tufute picha zote zenye sura za watoto wa kituo, kwenye grupu na kwenye simu zetu." Ishia hapo. Usieleze kwamba kuna mtoto anayesoma na binti yako, maana ukieleza tu, akina mama kumi na watoto wao wote watajua nani anaishi wapi. Wakikuuliza kwa nini, sema na wewe uliziweka stetasi, umeona umekosea na unajirekebisha. Kisha mpigie mlezi mkuu wa kituo, omba radhi kwa lile la madaftari, na uulize kama nao waliziweka mahali.

Binti yako mwambie wazi kwamba waliokosea siku ile ni watu wazima, si yeye, na mama yake alikuwa miongoni mwao. Halafu mfundishe kutunza siri. Siri ya mwenzake si yake kuitoa, si kwa kaka yake, si kwa rafiki wa dawati, hata wakigombana. Na akifika shuleni asiguse habari za siku ile. Asimpelekee zawadi, nakuomba sana, wala asimnunulie andazi. Amwombe yeye kitu: "Niazime kichongeo chako." Basi. Siku ile mwenzake alipokea amepiga goti mbele ya kamera, kwa hiyo sasa apate nafasi ya kuwa yeye mwenye nacho, na binti yako awe mwenye shida. Akimnyima, ni haki yake, asinune. Kesho kutwa aombe rula.

Sasa kuhusu kituo chenyewe. Mchele na sabuni vilikuwa vema, watoto watavitumia. Kosa lilikuwa ile ratiba. Jumamosi ile waliofanya kazi ni watoto wa kituo: walifanya mazoezi ya wimbo, wakasimama juani, wakapiga magoti, ili nyie mrudi nyumbani mkijisikia wema. Hesabu ni vikundi vingapi huja kwa mwaka, Pasaka, Ramadhani, Krismasi, siku za kuzaliwa za watu maarufu. Mtoto anakumbatiwa na mgeni asiyemjua, anaulizwa jina, mgeni anaondoka, harudi. Mtoto wako ungekubali azungushwe hivyo?

Mkitaka kuendelea kukisaidia kile kituo, nenda mwenyewe siku ya kazi, watoto wakiwa shule, bila fulana. Muulize mlezi kuna kazi gani inayomshinda. Utasikia vitu ambavyo havipigwi picha: vitanda vimelegea, nyavu za madirisha zimechanika, gari limekufa tangu mwezi wa kwanza. Hakikisha pia kimesajiliwa, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yako itakuambia. Wanao wasubiri kwanza. Wakija kwenda, waende kupaka rangi au kupanda mchicha pamoja na wenyeji, na mchicha huo uliwe na wote.

Nirudi kwenye swali lako la kwanza, na niseme jambo ambalo pengine hutalipenda: mumeo ana nusu ya haki. Kilichomchosha ni fulana. Nina hakika kabisa, na wala simjui, kwamba huyo bwana amewahi kuamshwa usiku na mtu aliyekwama na gari, akaenda na tochi, akalitengeneza, akakataa hela. Mafundi wako hivyo. Ila hakuliita jina lolote, na mwanawe alikuwa amelala. Kwa hiyo wewe usimwite kwenye kujitolea. Mwambie, "Baba fulani, bomba la bibi wa kule mbele linavuja wiki ya pili, naomba ukaliangalie, na huyu mwanao akushikie spana." Ataguna. Halafu ataenda.

Mimi ni wa Upare. Kwetu kazi ya pamoja inaitwa msaragambo: mbiu ikipigwa jioni, kesho yake kila kaya inatoa mtu, mnakwenda kuzibua mfereji au kutoa tope kwenye ndiva, yale mabwawa ya kukingia maji ya kumwagilia. Sisi watoto hatukuitwa, tulifuata tu. Tulibeba maji ya kunywa, tulipokezana mawe madogo, tulichezea tope. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, akikohoa shule nzima inanyamaza. Siku hiyo nikamwona anaamrishwa na mzee asiyejua kusoma wala kuandika: "Wewe mwalimu, hapo hujachimba, unakwaruza. Rudia!" Baba akakunja suruali, akarudia. Mfereji wenyewe nimeshausahau ulipita wapi, ila ile suruali iliyokunjwa naiona hadi leo.

Ndiyo maana nasema usiwasimamie wanao wakati wakijitolea. Ingia nao, ukunje suruali, uamrishwe. Mtoto akiona mama ambaye kila siku anamwamuru "oga, kula, soma" naye anaambiwa na mjumbe wa mtaa "mama, ile pale hujaimaliza," anajifunza kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kumhubiria.

Na mkubwa wako, "tumemsaidia nani?", huyo mtoto ana akili. Hilo swali liandike ukutani. Labda unakumbuka 9 Desemba 2015. Rais Magufuli, aliyekuwa ameapishwa mwezi mmoja tu kabla, alifuta sherehe za Uhuru na kuigeuza kuwa siku ya usafi, naye mwenyewe akaonekana akiokota taka kwa mikono karibu na Ikulu. Watu walifurika mitaani na mafagio. Unajua kwa nini? Wengine walitaka waonekane na rais mpya, sawa. Lakini jiji lilikuwa na kipindupindu, watu walikuwa wanakufa, na kila aliyeshika koleo alijua taka zile zina uhusiano gani na ule ugonjwa. Nyie mlifagia mbele ya geti lililokuwa safi tayari. Mtoto akaona hakuna sababu.

Basi nikupe kazi yenye sababu, na umenipa wewe mwenyewe kwenye mstari wa mwisho wa barua yako. Zile ndoo za rangi.

Dar es Salaam iliugua homa ya dengi mwaka 2014, ikaugua tena 2019. Mbu anayeieneza si hao waliokung'ata barazani usiku. Huyu ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, anang'ata mchana, na hapendi madimbwi machafu. Anapenda maji yaliyotulia karibu na watu: ndoo, makopo, vifuu vya madafu, visahani vya maua, tangi lisilo na kifuniko, turubai lililobonyea. Na zaidi ya vyote anapenda matairi mabovu. Mume wako ana gereji, mwanangu. Sina haja ya kuendelea.

Uzuri wa kazi hii kwa familia ni kwamba yai la mbu huyu linachukua kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu anayeruka. Kwa hiyo mkizunguka kila Jumamosi mnamkatiza katikati, na mkiacha wiki mbili anawashinda. Mtoto anaelewa hesabu hiyo bila kuhubiriwa, na kazi inajipangia ratiba yenyewe. Jambo lingine ambalo watu wazima wengi hawalijui: mayai yanabandikwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Kumwaga peke yake hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani kwa brashi au gunzi, kisha kifunikwe au kigeuzwe.

Jumamosi ya kwanza iwe kwenu tu. Mchukue kitinda mimba, mchutamishe kwenye ndoo, mwambie atulie kimya halafu apitishe mkono juu ya maji bila kuyagusa. Viluwiluwi vikiona kivuli vitapiga mbizi vyote kwa pamoja, vikijipindapinda. Nakuhakikishia hiyo ni katuni inayozidi zote alizowahi kuona, na kuanzia hapo yeye ndiye mkaguzi mkuu wa mtaa. Maji mwageni kwenye udongo mkavu, siyo kwenye mtaro. Baadaye nendeni gereji. Matairi mabovu yapangwe chini ya paa, na yale yasiyo na kazi baba ayatoboe yasishike maji. Kutoboa ni kazi ya fundi, na hapo atakuwa ameshaingia bila kujua.

Jumamosi ya pili mwendeeni mjumbe wenu, mkiwa wote, mumwambie mnachotaka kufanya. Ni adabu, na pia ni ulinzi, maana mtu anayezunguka nyumba za watu akichungulia ndoo asiyejulikana na uongozi anaweza kuitiwa mwizi. Mwombe awaambie nyumba zipi zina wazee peke yao au wagonjwa. Anzeni na hizo, tatu tu. Mnapiga hodi, mnasalimia, mnasubiri. Mkikataliwa, mnashukuru na kuondoka. Kijana wa miaka 13 anainua vizito, binti anaandika kwenye daftari ni vyombo vingapi vilikutwa na viluwiluwi, mdogo anapitisha mkono. Dakika 45, si zaidi, kisha mkale mihogo. Mtoto wa miaka 5 akizidishiwa hapo anaanza kulia, na wiki ijayo haji. Daftari la binti baada ya mwezi mpelekeeni mjumbe alione. Msimlipe mtoto yeyote kwa kazi hii, hata mia mbili.

Huko huko ndiko mtamkuta yule mzee wa nyumba ya tatu. Mkishamwaga maji ya kwenye pipa lake bovu, ataanza kuwaambia mengine. Wazee wa siku hizi wana shida ndogondogo ambazo kijana wa miaka 13 ndiye daktari wake. Tokeni ya umeme wa LUKU ina tarakimu 20, mzee macho hayaoni, anakosea ya kumi na nane, anaanza upya, mwisho anaamua kulala giza. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii," mzee anadhani ni ya mwanawe kweli. Kijana wako apite kila wiki, asome meseji na mzee, amwonyeshe kwa nini hii ni ya matapeli. Mpe amri moja isiyo na mjadala: namba ya siri ya simu ya mtu haishiki, haiulizi, na akitajiwa anaomba mzee aibadilishe na anakuambia wewe. Siku hela zikipotea humo, mtoto wako asiwe wa kwanza kutajwa.

Na hapa niseme lingine la usalama, nalisema kwa kila mzazi. Mtoto haingii peke yake nyumbani kwa mtu, hata kama ni mzee anayeheshimika na mtaa mzima. Waende wawili au na wewe, wakae barazani au mlango wazi. Kumjua jirani ni pamoja na kumjua kwa uangalifu.

Hospitali ilikuwa na haki kuwakatalia, wodini kuna maambukizi na wagonjwa wanahitaji utulivu. Lakini hospitali ina mlango mwingine. Wewe na mumeo, kama mna afya njema, uzito usiopungua kilo 50 na umri kati ya miaka 18 na 65, mnaweza kuchangia damu. Mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Wapelekeni watoto wakae pembeni waone. Binti yako aione damu ya baba yake inaingia kwenye mfuko, na aambiwe kwamba baba hatajua kamwe imekwenda kwa nani, na aliyeipata hatajua imetoka kwa nani. Baada ya yale ya kituoni, mtoto huyo anahitaji kuona msaada ambao mpokeaji wake hapigi goti.

Ufukweni pia mnaweza kwenda. Mwezi wa tisa kuna siku ya usafi duniani, na hapa kwetu taasisi ya Nipe Fagio huwa inawakusanya watu. Viatu vigumu, glavu, na sheria moja kwa watoto: sindano na chupa iliyovunjika hawagusi, wanaita mtu mzima. Ni siku nzuri, ila ni siku moja, na mimi siisifii sana siku moja.

Misiba je? Mna misiba mtaani kwenu kama sisi sote. Siku hizi tunawafungia watoto ndani na tableti tukienda kuzika. Si kila msiba unafaa mtoto, lakini mtoto wa miaka 9 anaweza kumenya vitunguu saumu akiwa amekaa kati ya mama zake, na wa miaka 13 anaweza kupanga viti na kuvihesabu wakati wa kuvirudisha. Sisi tulifundishwa huko huko jikoni kwenye msiba, na hakukuwa na aliyetuambia tunajitolea.

Nimebakiwa na moja, na hukuliandika, ila nimekaa kwenye safu hii muda mrefu nikajua barua zenu zinaficha nini. Una kazi mjini, una watoto watatu, na ukirudi giza limeingia. Kama una dada wa kazi, nani anafua soksi za huyo kijana? Nani anaondoa sahani yake mezani? Mtoto hawezi Jumamosi kusugua ndoo ya jirani halafu Jumapili akamtupia dada nguo chafu mlangoni. Akifua soksi zake mwenyewe na dada akapata saa moja ya kupumzika, hesabu hiyo ndiyo Jumamosi ya sifuri, kabla ya ile ya kwanza niliyokupangia.

Kikundi chako cha kazini usikitoroke. Waambie safari ijayo hela zile zile za fulana zinunue nyavu za madirisha, na fundi wa kuzifunga mnaye. Wawili watakununia. Wasamehe mapema.

Niandikie baada ya mwezi. Usinitumie picha, mimi zangu zinajaza simu. Niambie tu mmekuta viluwiluwi vyombo vingapi, na kama kichongeo kiliazimwa.